Bungua Kwenye Shamba la Kaka

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa. Alikaa tangu asubuhi mpaka macho yaliposhindwa kuona tundu la sindano, na kiti chake kilikuwa kimechimbika katikati kwa kukaliwa. Mkewe alikuwa kinyume chake. Mtaani walimwita Kiguu na Njia, na kwa kuwa hata jina lenyewe hakusimama kulisikiliza mpaka mwisho, wakalikata likabaki Kiguu.

"Mke wangu," fundi alizoea kumwambia, uzi umebanwa kwenye meno, "viti vya nyumba hii vitakuja kukushitaki. Hukijui hata kimoja."

"Vikinishitaki, shahidi wao ni wewe. Wewe unavijua vyote."

Alikuwa amejaribu kazi za kukaa. Kiwanda cha sukari kilimweka kwenye kibanda cha mizani, pale malori yanapopimwa pamoja na mzigo. Hakumaliza hata mwezi. Kila walipomtafuta ndani walimkuta nje, amepanda gurudumu la lori la mtu, anachungulia miwa iliyobebwa na kumuuliza dereva imetoka shamba gani na kwa nini imekatwa ikiwa na majani mengi hivyo. Madereva walilalamika. Wakamhamishia jikoni kwa wafanyakazi, huko nako akawa anapika wali huku mlango wa nyuma uko wazi na mguu mmoja uko nje. Mwishowe bwana shamba wa ushirika wa wakulima, kijana mwembamba aliyesomea wadudu wa mazao na asiyependa maneno mengi, alisema: "Kama huyu mama hakaliki, basi atembee." Akampa buti ndefu na kisu kifupi cha kupasulia, akamfanya mkaguzi.

Kazi ya mkaguzi ni kuingia shambani, kung'oa muwa mmoja hapa na mwingine kule, kuupasua katikati toka shinani mpaka kileleni, na kuangalia ndani. Anayetafutwa ni bungua, mdudu anayekula shina kwa ndani. Kwa nje muwa unaweza kusimama wima, majani mabichi, unapendeza kama bibi harusi. Kwa ndani kuna kiwavi amejichimbia njia yake, na kila alipopita nyama nyeupe ya muwa imegeuka nyekundu na kunuka uchachu.

Mwaka ule bwana shamba alipowatangazia wakulima kwa mara ya kwanza habari za mdudu huyo, aliwaambia kwa kipaza sauti kwamba nondo wameingia mashambani kwa wingi. Kesho yake watu walijaa ofisini kwake, wengine na mikokoteni, wakiuliza nondo hizo zinagawiwa wapi, maana kuna mtu anajenga. Ilibidi awaeleze kwamba hakuna chuma cha bure. Nondo aliowasema ni wale vipepeo wa rangi ya majivu wanaozunguka taa, na mmoja wao ndiye mama yake bungua. Kiguu alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alisikiliza pia, kwa sababu siku ile bwana shamba alieleza jambo ambalo yeye hakuwa amewahi kulifikiria.

"Nondo hatagi popote," alisema. "Anatafuta mahali pa kuficha mayai. Jani kavu lililokumbatia shina, akaingiza mkia wake nyuma ya jani hilo, hapo ndipo nyumbani. Basi muwa unaodondosha wenyewe majani yake makavu umemnyima nyumba. Halafu yule mtoto akianguliwa ni mdogo kama uzi, na meno yake ni ya kitoto. Ana siku chache tu za kutoboa ganda aingie ndani. Akikuta ganda laini, ameingia. Akikuta ganda gumu, au vinyweleo vinavyomzuia kutembea, atahangaika huku na huko mpaka jua limkaushe au sisimizi wamchukue. Kwa hiyo mdudu ni yuleyule. Kinachotofautisha ni muwa wenyewe ulivyo."

Kiguu alirudi nyumbani akilirudia hilo njia nzima. Alikulia kwenye miwa, lakini mpaka siku ile aliigawa kwa utamu tu. Kulikuwa na muwa wa zamani, mwembamba, wenye ganda kama chuma cha pua na vinyweleo vinavyowasha shingo, wakulima wakiuita Kichwa Ngumu. Huo ndio uliolivunja jino lake la mbele alipokuwa msichana, na tangu hapo kila akicheka mtu huona dirisha. Na kulikuwa na muwa mpya, Siagi, mnene, laini, maji matupu, ambao hata kikongwe huutafuna. Kiwanda kiliupenda, wakulima waliupenda, watoto ndio usiseme. Wote walikuwa wameupanda.

Na aliyetangulia kuupanda kabla ya wote alikuwa kaka yake.

Kaka huyo hakuwa kaka tu. Mama yao alifariki Kiguu akiwa bado hajaanza shule, na baba alikuwa mkata miwa, mtu wa kutoka alfajiri na kurudi amejaa masizi ya miwa iliyochomwa, hana nguvu hata ya kusema. Aliyemlea Kiguu ni kaka. Alimbeba mgongoni kwenda kuteka maji. Alimsuka nywele mwenyewe, mistari ikienda kombo kama njia ya mlevi, na wenzake Kiguu walipomcheka, kaka aliwafuata mmoja mmoja mpaka kicheko kikaisha. Baadaye aliacha shule akashika panga pamoja na baba, ili mdogo wake ashike kalamu. Hakuwahi kumkumbusha. Baba alipofariki, shamba lake la miwa likabaki mikononi mwa kaka, na hakuna aliyenong'ona neno.

Siagi ilipokuja, bwana shamba aliwaonya wakulima. Muwa huu ni wa bondeni, alisema, kwenye udongo unaoshika maji. Ukiupanda juu kwenye kokoto, kiangazi kitauchosha, na muwa uliochoka haujitetei. Msiulishe mbolea ya kukuzia kupita kiasi, utakuwa laini zaidi na kujaa majani. Na majani yake makavu hayadondoki, yanang'ang'ania shina, kwa hiyo muyabandue kwa mkono. Kaka alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani akapanda Siagi bondeni, akapanda na mtelemko mzima, mpaka juu kabisa kwenye kokoto. Mbolea aliimwaga kama anayemlisha mgonjwa aliyepona. Majani makavu hakuyagusa, maana kuyabandua ni kazi ya mikono mingi na yeye alikuwa na mkewe tu.

Miwa ikaota, tena vizuri. Ilinenepa na kung'aa, wapita njia wakasimama kuitazama. Kaka akawa anatembea kifua mbele.

Kiguu ndiye aliyeanza kukosa raha. Kiangazi kilipokolea, alipasua miwa ya Siagi kwenye shamba moja la mtelemko akamkuta bungua. Akapasua kwenye shamba la pili, akamkuta. Kila siku ukaguzi ukisogea, ulikuwa unasogea upande wa kaka. Akaamua kwenda mwenyewe, siyo kama mkaguzi, kama ndugu.

Alimkuta kaka anapaka mafuta bawaba za lango.

"Kaka, naomba nipite nipasue miwa miwili mitatu. Kimyakimya. Kama kuna kitu tukijue mapema, tubandue majani, mimi nitakuja kukusaidia."

"Kuna kitu gani?"

"Huko juu kwa wenzako kimeingia."

"Huko kwa wenzangu hawajui kulima." Kaka aliendelea kupaka mafuta. "Shamba langu halina mdudu."

"Si vibaya kuangalia."

"Mkaguzi akiingia tu, maneno yanaanza. Kesho watasema kwa fulani kumeoza. Dada, nisikilize. Shamba hili halina mdudu. Mdudu mwenyewe ni wewe, unayezunguka na kisu kwenye mali za watu."

Alisema akitabasamu, kama mzaha, lakini lango hakulifungua. Kiguu naye alitabasamu, dirisha la jino likaonekana, akageuka. Njiani aligundua kwamba amepita nyumba yake na anaelekea sokoni, na sokoni hakuwa na haja nako.

Siku zilizofuata hakukaa akakalika. Bwana shamba alipompangia kazi, alimwambia kwa upole, "Wiki ijayo tunaingia upande wa kaka yako. Ukitaka nitampeleka mwingine. Si aibu, mtu hakagui damu yake."

"Mpeleke mwingine," Kiguu alisema haraka, akashusha pumzi. Alidhani sasa atatulia.

Hakutulia. Alirudi nyumbani akaosha masufuria.

"Hayo umeshayaosha," fundi alisema bila kuinua kichwa.

"Yana harufu."

"Yana harufu ya sabuni, mke wangu."

Akayaacha, akafagia uwanja, akamaliza, akaufagia tena kutokea upande wa pili. Fundi alisimamisha cherehani, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Kama ungekuwa unaumwa ningejua la kufanya," alisema. "Lakini wewe ndiyo hivyo siku zote, sasa nashindwa kujua ugonjwa unaanzia wapi."

"Huyo mwingine ataingia kwa kaka na kumkuta bungua," Kiguu alisema. "Na kaka atalisikia hilo kwa mgeni."

"Je, akilisikia kwako itakuwa nafuu?"

Kiguu alikuwa bado ameshika ufagio mlangoni pale wifi yake, mke wa kaka, alipoingia na gauni mkononi. Gauni lenyewe lilikuwa zima. Fundi aliligeuza huku na huku akitafuta mahali palipochanika, akamwangalia mwenye gauni, akaelewa, akajiinamia kwenye kazi yake.

Wifi alikuwa mama mfupi, mpole, ambaye hakuzoea kumficha mumewe kitu. Alifungua fundo kwenye pindo la nguo yake. Ndani mlikuwa na unga mwekundu, umelowa kidogo, kama unga wa mbao unaomwagika chini ya msumeno.

"Nimeukuta kwenye mashina," alisema. "Umetoka kwenye vitundu. Wifi yangu, huu ni unga wa nini?"

Kiguu aliushika kwa vidole viwili akaunusa, ingawa hakuwa na haja ya kunusa.

"Umemwonyesha kaka?"

"Nilimwonyesha. Amesema ni vumbi."

Kiguu alivaa buti palepale. Fundi aliwatazama wakitoka, mmoja karibu akimbie, mwingine akimfuata nyuma akisema, "Taratibu, wifi, mimi nina miguu mifupi."

Kaka hakuwepo. Waliingia kwa kupitia kwa jirani, mama mjane mwenye shamba dogo lililogusana na mtelemko wa kaka. Huko juu kwenye kokoto upepo ulikuwa mkali, na kabla hata hawajafika Kiguu alisikia sauti asiyoipenda: pa! Kisha tena: pa! Ni miwa inavunjika. Muwa mzima unainama na upepo na kuinuka. Ulioliwa ndani unakatika kama kibiriti.

Alianza kupasua. Wa kwanza, nyekundu. Wa pili, nyekundu, na kiwavi mwenyewe akajikunja kwenye mwanga. Alibandua jani kavu lililokuwa limeng'ang'ania pingili, na nyuma yake, kama alivyofundishwa, yakawepo mayai yamepangana ya rangi ya manjano. Akabandua jingine. Yapo. Wifi alisimama amejifunika mdomo kwa kiganja.

"Nani yuko humo?"

Kaka alikuwa anapanda mtelemko, panga mkononi. Alipowaona alisimama. Alimtazama mkewe kwanza, na mkewe akainamisha macho, kisha akamtazama dada yake aliyepiga magoti katikati ya miwa iliyopasuliwa.

"Umeingia kwangu kwa mlango wa nyuma."

"Nimeingia, kaka. Njoo uone."

"Siangalii. Umechagua mibovu. Kila shamba lina miwa miwili mitatu mibovu."

"Basi chagua wewe."

Kaka alipumua kwa nguvu. Akasogea mistari kadhaa mbali na pale, akauchagua muwa mnene kuliko yote, ule ambao mtu angewapelekea wageni, akaukata na kuupasua kwa pigo moja. Ulikuwa mwekundu toka chini mpaka kiunoni. Akautupa. Akakata mwingine. Akakata mwingine tena. Kiguu alisimama kumzuia, kisha akaona hazuiliki. Kaka alikuwa ameshikwa na kitu. Alikuwa anapasua miwa akienda mbele, haangalii nyuma, jasho linamtoka, na kila alipopasua alitoa sauti ndogo kama mtu anayechomwa mwiba. Wifi alianza kulia.

Aliendelea hivyo mpaka mwisho wa mtelemko, penye mpaka, ambapo visiki vya miwa ya baba vilikuwa vimechipua tena. Kichwa Ngumu. Miaka yote kaka alikuwa anasema ataving'oa na hakuving'oa. Ilikuwa miwa myembamba, imejaa vinyweleo, imesimama ndani ya Siagi kama wazee waliokaribishwa kwenye sherehe ya vijana. Majani yake makavu yalikuwa yamedondoka yote yako chini, mashina yapo wazi. Kaka, kwa kasi ileile, aliupiga mmoja panga. Panga likaruka. Akapiga tena kwa mikono miwili, akaupasua.

Ndani ulikuwa mweupe.

Akaupasua wa pili, mweupe. Kiguu alichuchumaa karibu naye akapitisha kidole juu ya ganda. Kulikuwa na vidoa vidogo, mikwaruzo, mahali ambapo watoto wa nondo walijaribu kuingia wakashindwa. Maji ni yaleyale, kokoto ni zilezile, nondo ni walewale.

Kaka alikaa chini kwenye majani makavu. Panga likalala mapajani.

"Sikuuona," alisema. "Miwa naitazama kila siku. Sikuuona."

"Kwa nje ubovu hauonekani, kaka."

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu."

"Utasema?"

Kiguu alikuwa ameshajua kwamba swali hilo litakuja. Shamba lililoliwa kupita kiasi hukatwa mapema, kabla viwavi hawajageuka nondo na kuruka kwenda kwa wengine. Na miwa ikikatwa mapema sukari inakuwa haijaingia. Mwaka mzima wa kaka ungeenda na maji.

"Itabidi niseme."

"Nisubirie. Mvua zinakaribia. Sukari itaingia kidogo, nitakata mwenyewe."

"Mvua zikifika, nondo watakuwa wameshatoka. Na watatua hapo." Alionyesha kwa kidevu shamba la yule mjane, kijani, dogo, limefungwa na uzio wa miti. "Yeye hana kitu kingine, kaka."

"Na mimi nina nini?" Kaka aliinuka. Sauti ilikuwa ndogo, na Kiguu angependa zaidi kama ingekuwa kubwa. "Nilikubeba mgongoni. Sijawahi kukuambia hata siku moja. Leo nakuambia. Nilikubeba mgongoni."

"Najua," Kiguu alisema. "Hata leo najua mgongo wako ulivyo."

Akaondoka. Hakukimbia, na hilo peke yake lilimshangaza wifi yake. Alitembea moja kwa moja mpaka ofisini kwa bwana shamba, buti zimejaa vumbi la shamba la kaka, akamwambia, "Usimpeleke mtu. Nimeshakagua mwenyewe. Shamba la juu lote limeliwa." Bwana shamba alimwangalia usoni. Akavuta kiti ampe. Kiguu hakukaa.

Wakataji walikuja kabla ya wiki kuisha. Kaka hakuwapinga. Alichukua panga lake akaingia mstarini pamoja nao, kama alivyokuwa akifanya na baba, akaikata miwa yake mwenyewe. Kiguu alikuja pia. Hakuna aliyemwita. Alishika mstari wa mwisho kabisa, akakata mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kutwa nzima ndugu hao wawili hawakusemezana. Wifi alipita katikati yao na maji ya kunywa, akiwapa kwa zamu. Visiki vya juu vikang'olewa na kuchomwa. Bondeni, ambako udongo ulikuwa na maji, Siagi ilikuwa haijadhurika sana, wakaiacha ikiwa imebanduliwa majani. Malori yalipofika kiwandani, jibu lilikuwa lilelile lililotarajiwa: maji mengi, sukari haba.

Baada ya hapo kaka alimnyamazia. Hakumtukana wala hakumsema kwa watu. Alinyamaza tu, na huo ndio ukawa mzigo mzito zaidi. Mvua zilianza, na Kiguu akawa anapata sababu ya kupita njia ya kule kila siku. Leo anafuata kuni, kesho anamsalimia mtu ambaye hajawahi kumsalimia. Alikuwa anafika mpaka mbele ya lango, anaona limefungwa, anaongeza mwendo. Chakula alikila amesimama. Fundi, ambaye hakuwa mtu wa kuomba makubwa, alimwomba angalau akilala aache kutembeza miguu, shuka limechanika na yeye amechoka kulishona.

"Mtu aliyekulea akikunyamazia," Kiguu alimwambia, "unakuwa kama hukulelewa."

"Atasema," fundi alijibu. "Mdomo si jiwe."

Kilichoufungua mdomo wenyewe hakikutarajiwa na mtu. Yule mjane jirani alikaguliwa mvua zilipokwisha, na shamba lake likakutwa safi, isipokuwa miwa michache ya mpakani. Mama huyo alifurahi mno. Alikuwa ameona wakataji wakija kwa jirani yake mapema, na kwa akili yake akajua moja tu: jirani yangu alimwona mdudu, akajitangaza mwenyewe, akapoteza mavuno yake ili mimi nisalimike. Akajitwisha kapu la viazi, akaenda kumshukuru. Alimshukuru mbele ya watu, langoni, kwa sauti.

"Wengine wangeficha!" alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wewe hukuficha, baba. Mungu akuongezee."

Kaka alisimama na lile kapu mikononi, na hakujua aliweke wapi.

Jioni yake alitokea kwenye kibanda cha kushonea cha fundi, suruali imekunjwa kwapani na lile kapu mkononi.

"Shemeji, nimechanika gotini."

"Karibu, shemeji. Kaa." Fundi aliichukua suruali, akaiona kweli imechanika, akafurahi kwamba safari hii kuna kazi.

"Dada yupo?"

"Lini amewahi kuwepo? Subiri, atapita. Hupita hapa kama saa ya ukutani."

Kaka akasubiri. Kiguu alipotokea kwenye kona na kumwona amekaa pale, alisita, kwa mara ya kwanza mguu haukujua uende wapi. Kaka alimsukumia kapu la viazi kwa kiatu.

"Hivi ni vyako."

"Vya nini?"

"Shukrani. Zimeletwa kwangu kwa makosa." Alikuwa anaangalia chini. "Jirani amenishukuru, dada. Mbele za watu. Amesema wengine wangeficha."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia karibu tena."

Fundi alikohoa ndani ya suruali. Kiguu alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akalazimika kushika meza ya cherehani, na kaka naye akaanza kucheka, kicheko cha kujiumbua, macho yamelowa. Walipotulia, hakuna aliyeomba msamaha. Kwao hawakuwa na desturi hiyo. Kaka aliuliza tu:

"Huko juu nipande nini?"

"Si Siagi."

"Hilo nimeshalijua kwa bei kubwa. Nipande Kichwa Ngumu? Kiwanda hakitaki, hauna maji."

"Bwana shamba ana mwingine anaujaribu. Ganda lake ni gumu kiasi, majani makavu yanadondoka yenyewe. Si mtamu kama Siagi, lakini upo katikati. Na mbolea utatia kwa kiasi atakachosema yeye, si kwa kiasi cha furaha yako."

"Una amri kama mama."

"Simkumbuki mama," Kiguu alisema. "Nimejifunza kwako."

Kaka akamwambia shemeji yake goti hilo alishone mara mbili, kuna kazi ya kupiga magoti inakuja.

Walipanda pamoja, kaka, wifi na Kiguu, na bwana shamba alikuja akasimama kwenye mtelemko akawaonyesha nafasi kati ya mistari, wakabishana naye kidogo ili asijione ameshinda kirahisi. Vipande vya muwa mpya vikalazwa kwenye mifereji, macho yake ya kuchipulia yakitazama pembeni, vikafukiwa. Fundi alifunga kibanda siku ile akaja kusaidia. Alifukia mstari mmoja, akakaa.

Hakuna aliyejua muwa huo ungefanyaje. Bwana shamba mwenyewe alikiri: ganda gumu linamchelewesha bungua, halimfukuzi, kiangazi kikiwa kikali au mtu akizembea, naye ataingia. Kaka alisema sawa, atasubiri. Kesho yake asubuhi kaka alimkuta Kiguu amechuchumaa peke yake juu kwenye kokoto, anafukua udongo kwa vidole.

"Unafanya nini?"

"Naangalia kama macho yameanza kuchipua."

"Tumepanda jana!"

"Najua."

"Fukia."

Akafukia. Akasogea hatua kadhaa, akatazama kama kaka bado anamtazama, akainama kufukua pengine.

"Dada!"

"Hapa ni mahali pengine," alisema, mkono tayari uko ndani ya udongo.